Maskonzi ya Dirishani

Kila alfajiri, kabla mlango wa mbele haujafunguliwa, watu walijaa kwenye dirisha la nyuma la bekari ile. Walifuata maskonzi ya dada mkubwa wa mwenye bekari, ile mikate midogo laini. Dada alikanda, akachoma, akauza mwenyewe papo hapo, moto moto. Yakibaki mawili matatu, aliyapeleka kaunta. Mdogo wake, huyo mwenye bekari, saa hiyo alikuwa bado anakoroma. Lakini mambo ya dirishani aliyajua fika, maana yalikuwa hivyo tangu enzi za mama yao.

Ndipo mume wa huyu mdogo mtu akaleta programu ya akili bandia. Ingewakadiria wateja watataka nini na waoke kiasi gani, ili mikate isitupwe. Wazo zuri, tena zuri sana. Ila waliilisha mauzo ya kaunta peke yake. Dirisha walilifanya kama halipo.

Programu ikatoa jibu: maskonzi hayauziki, acheni kuyaoka.

"Shemeji, usinielewe vibaya," mume alimwambia dada. "Si mimi. Kompyuta ndiyo imesema."

"Hiyo kompyuta imewahi kuamka alfajiri?"

Mume akacheka. Dada akamtazama mdogo wake, akangoja. Mdogo wake akajitia kufuta meza. Dada akavua aproni yake, akaondoka. Inauma hata kuisimulia.

Haukupita muda, watu wa dirishani wakahamia kwingine. Mikate waliyozoea kuichukua pamoja na maskonzi nayo ikaanza kulala bila kununuliwa. Mume akaitukana kompyuta weee, mpaka akachoka. Ikabidi wamwite jirani yao, mama mmoja mtunza takwimu wa hospitali.

Jirani aliangalia, akaguna. "Hii haina macho, jamani. Inajua mlichoiambia tu. Mmeiambia nusu, nayo imewajibu nusu."

"Sasa tufanyeje?" mume aliuliza.

"Wekeni taarifa sawa kwanza. Kila kinachouzwa kiingizwe, kiwe cha kaunta au cha dirishani. Kila bidhaa iwe na jina moja. Huyu akiandika mkate mkubwa na yule mkate wa familia, kompyuta itadhani ni vitu viwili. Mteja akikosa anachotaka, hilo nalo liingizwe. Jioni mmoja wenu akague, na nakala itunzwe mahali pengine. Hapo ndipo muiulize. Na ikiwaambia mwondoe kitu, waulizeni watu kwanza."

Walifuata yote. Makadirio yakaanza kukaribia ukweli, na mikate ya kutupwa ikapungua mno. Kisha programu ikaleta ushauri mpya: kinachoulizwa na wateja kuliko vyote ni maskonzi.

Mdogo mtu alikwenda kwa dada yake siku hiyo hiyo. Dada alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Rudi kazini, dada. Programu ilikosea. Haikuwa na taarifa zako."

"Mimi sina ugomvi na programu, mdogo wangu," dada alisema. "Yenyewe ilikuwa haijui. Wewe ulikuwa unajua, ukanyamaza."

Mdogo mtu aliinuka kitini. Aliaga, akarudi kwenye bekari yake, ambayo sasa inajua kile wateja wanachotaka kuliko vyote, na haina wa kukioka.