Maji Mdomoni mwa Dada

Kila Everlyne alipoinama kufagia, maji yalicheza kichwani mwake, chubwi, kama mtungi uliopungua. Akisimama, yanatulia. Sasa mwanamke anayeishi peke yake Voi, chumba na sebule, atamwambia nani? Alimwambia Wayua, jirani yake.

"Hilo ni jini, mama," Wayua akanong'ona. "Umekosana na nani?"

Everlyne alijua. Dada yake Abby, alipokuwa mahututi kule Wundanyi, alimwita wafanye kutasa, ile desturi ya Wataita: mwenye hasira hutia maji mdomoni, akayatema huku akitamka baraka, na hasira yote ikamtoka. Everlyne, mama wa kanisa, akajibu kwenye simu kwamba mambo ya kishenzi yeye hayataki. Abby akazikwa na hasira yake. Wazazi walishatangulia, na ndugu mwingine hakuwepo.

Hata hivyo alikwenda hospitali, na picha ya kichwa ikaonyesha kifuko cha maji katikati ya ubongo, ugonjwa wa nadra.

"Tutatoboa tundu dogo, tupitishe mrija mwembamba wenye kamera, tuyanyonye," daktari wa Mombasa akasema. "Ukichelewa, utapofuka."

Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya mtu wa karibu. Everlyne aliitazama mpaka karani akakohoa. Kwa aibu ya kukosa hata mtu mmoja duniani, akaandika: Abby, dada.

Alipozinduka, daktari alikuwa akikuna kidevu. "Ajabu, mama. Mrija ulipofika, tulikuta kifuko kitupu."

Nesi Lorna akamfunika shuka. "Dada yako mpole sana. Ameshinda kwenye hicho kiti akikushika mkono. Ila haongei. Mashavu yamejaa, kama ameshika maji mdomoni."

Everlyne hakuthubutu kuuliza ameelekea wapi.

Siku aliyorudi Voi, saa sita mchana, bati likilia kwa joto, alifungua mlango akasikia kwanza pumzi za puani, za mtu asiyeweza kufungua mdomo, kisha ikamfikia harufu ya udongo mbichi, kisha akamwona Abby kwenye kochi, na leso aliyozikwa nayo, mashavu yamevimba, macho yamemkazia yeye tu, na katikati ya hofu iliyomfanya aangushe ufunguo, Mungu amsamehe, Everlyne alifurahi kukuta mtu nyumbani.

Akapiga magoti.

"Dada, nilikukosea. Nilikuacha ukafa peke yako. Tema, basi. Nibariki."

Abby akanyoosha kidole baridi, akaligusa kovu kichwani pake, taratibu, kama alivyokuwa akimsuka nywele utotoni.

Halafu akameza.

Kochi likabaki tupu. Everlyne alikaa sakafuni mpaka jua likapinduka, akimwita dada yake kwa sauti ndogo. Mwishowe akainama kuokota ufunguo, na maji yakacheza.