Orodha ya Bi Dirisha

Ngumi iliyompata Fundi siku ya kwanza haikuwa yake. Madereva wawili walikuwa wakigombea foleni mbele ya geti la ghala la saruji, saa mbili asubuhi, malori yananguruma na vumbi la kijivu limetanda mpaka kwenye kope za watu. Yeye alikuwa akipita zake katikati yao, shati jeupe limenyooka kwa pasi, begi la kompyuta begani. Mmoja akainama, ngumi ikapita juu, ikamkuta yeye puani. Akakaa chini vumbini kama mtu aliyekaribishwa kiti.

Mwanamke mwenye kizibao cha manjano juu ya gauni la zambarau akatoka ofisini na kipande cha bomba la chuma. Alimchapa nalo mgomvi pajani, mara moja, kisha akaligonga geti.

"Foleni," akasema. Wakapanga foleni.

Akachuchumaa mbele ya mgeni. "Wewe ndiye uliyeletwa kubadilisha mfumo wa kompyuta?"

"Ndiye mimi. Pua imetangulia kuripoti."

"Inua kichwa. Shati zuri hivi unakuja nalo hapa, nani alikudanganya?"

"Niliambiwa nakuja ofisini."

"Ndiyo hii."

Akamfuta damu kwa upindo wa kanga yake aliyokuwa ameifunga kiunoni, polepole kuliko ilivyohitajika. Tuseme ukweli, pale pale ndipo mambo yalipoanza.

Kwa miaka tisa hakuna lori lililotoka ghalani bila kupita kwenye dirisha la huyu dada. Alitafuta jina la dereva kwenye kompyuta, akachapa pasi ya geti, akaita kwa kipaza sauti. Aliyeitwa asipofika hapo hapo, alirudi mwisho wa foleni, hata awe anatoka damu. Madereva walimwita Bi Dirisha. Yeye naye aliwaita kwa majina ya barabarani, na ndivyo alivyowaandika: Kesho Kutwa, asiyewahi kufika siku aliyoahidi; Kimya; Babu Breki; na Nyundo, kaka yake wa tumbo moja, ambaye jina lake mtu alilielewa mara moja tu na hakuomba maelezo tena.

Fundi alipewa wiki tatu. Ya kwanza alikuwa anakunywa chai dirishani. Ya pili walikuwa wanapigiana simu mchana na jioni kama hawakuonana. Jumapili ya mwisho simu ilimkuta Bi Dirisha anasukwa.

"Unafanya nini, malkia wa saruji?"

"Nasuka. Kesho mfumo wako unawashwa, nisije nikakuaibisha. Wewe je?"

"Nasafisha orodha ya madereva kabla sijaihamisha. Mpenzi, humo ndani mna takataka sijawahi kuona."

Akacheka. "Safisha tu, baba. Mimi ilishanishinda."

"Kesho nina neno la kukuambia."

"Liseme sasa."

"Mfumo ukiwaka, ndipo."

Hakuna aliyemuuliza mwenzake takataka gani.

Jumatatu, Kesho Kutwa, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alifika mapema. Bi Dirisha akaandika jina. Kompyuta ikajibu: dereva hayupo. Akamwandika Kimya. Hayupo. Babu Breki, hayupo. Kaka yake mwenyewe, hayupo. Madereva thelathini na mmoja walikuwa wamefutika kama hawajazaliwa.

Uvumi haukuchelewa. Dada ametuuza. Dada ameingiza madereva wapya, sisi katutupa. Jiwe la kwanza likavunja kioo cha dirisha, la pili likampasua Bi Dirisha juu ya nyusi, damu ikamwingia jichoni. Mlinzi aliyejaribu kufunga geti alivunjwa mkono, na mlio wa ule mfupa ulisikika mpaka ndani. Nyundo akasimama mlangoni na mpini wa jeki kumkinga dada yake. Akawalaza wawili, mmoja na meno yake pembeni, kabla hajapigwa spana ya begani na kupiga magoti.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa bosi. "Ikifika saa sita lori halijatoka, wateja wanahamia ghala lingine na mimi geti nalifunga. Wewe na madereva wako mtatafuta kazi kwingine."

Bi Dirisha akaikata simu, akamgeukia Fundi aliyekuwa nyuma yake mle ofisini. "Watu wangu wako wapi?"

Fundi alikuwa amepauka uso. "Niliwafuta mimi. Niliona Kesho Kutwa kwenye safu ya majina, nikajua kuna mtu alikuwa anafanya utani. Hawana namba za leseni, hawana jina la baba..."

"Kwa hiyo ile takataka ni kaka yangu."

Akachomoa kibodi, akampiga nayo usoni. Herufi zikatawanyika sakafuni. Akampiga tena, na mara hii alikuwa analia, kwa sababu alikumbuka ni yeye aliyesema safisha tu, na hasira ya kujikosea mwenyewe haina pa kwenda.

"Nina nakala ya akiba," Fundi akasema, midomo imevimba. "Sikugusa kitu kabla ya kuitunza. Majina yako nayarudisha sasa hivi, nayawekea safu yake. Lakini mfumo mpya hautoi pasi bila leseni, na lazima ziandikwe moja moja."

"Nje watakuua."

"Watakuja kwako kwa amani?"

Fundi akaunganisha kibodi nyingine, akabofya dakika chache, orodha ikarudi kwenye skrini. Kisha akachukua daftari na kalamu, akavuka mwili wa Nyundo aliyekuwa anajaribu kusimama, akatoka uwanjani.

"Ni mimi niliyewafuta," akawaambia. "Dada hahusiki. Naomba leseni zenu."

Wakamvamia. Walimpiga mateke ya mbavu, wakampiga na mikanda, mtu akamkanyaga mkono wenye kalamu. Nyundo naye akajikokota mpaka pale, akamnyanyua kwa kola ya shati ambalo halikuwa jeupe tena, akamtwanga taya. Fundi akatema jino. "Jina lililo kwenye leseni?" akauliza.

Dirishani, Bi Dirisha alikuwa akijipangusa damu jichoni. Bomba la chuma lilikuwa karibu na mkono wake. Aliliangalia, akaona halitoshi kwa watu thelathini na mmoja. Akavuta kipaza sauti.

"Kesho Kutwa. Dirishani, na leseni."

Mikono mingine ikaendelea kupiga, lakini Kesho Kutwa akadondosha mkanda na kukimbia. Miaka tisa ilimtuma; aliyeitwa hachelewi.

"Babu Breki."

Mzee akashusha mguu aliokuwa ameuinua kupiga teke, akaenda.

"Kimya. Mfupa. Sikio Moja."

Aliwaita mmoja mmoja, anaandika leseni huku vidole vikiteleza kwa damu. Rundo la watu juu ya Fundi likapungua, likapungua, printa ikaanza kutema pasi, malori yakawashwa. Mwisho akabaki mtu mmoja tu uwanjani, kamshika Fundi kola.

"Nyundo," akaita, polepole.

"Naam," kaka yake akajibu, akamwachia.

Saa sita kasorobo lori la kwanza lilikuwa limeshatoka, la thelathini na moja limepakiwa, na foleni ya kutoka ilianzia getini. Fundi alikuja dirishani kwa kushikilia ukuta.

"Mfumo umewaka," akasema.

"Nimeona. Na neno lako?"

"Nataka kukuoa. Niambie nianze kuongea na nani kwenu."

"Na kaka yangu."

Fundi akashika taya. "Tumeshaongea."

Hakutaka kucheka, akacheka, na jeraha bichi la nyusini likafunguka tena. "Nimekukasirikia bado," akasema. "Na mimi siolewi na mtu asiyekuwa kwenye orodha yangu. Nikuandike nani?"

Madereva kwenye foleni walikuwa wamezima injini kusikiliza. "Takataka," Nyundo akapaza sauti kutoka kwenye lori lake. "Mwandike shemeji Takataka."

Fundi akainamisha kichwa, akakubali. Bi Dirisha akaandika, akabofya, mfumo mpya ukapokea bila kuleta shida. Kisha akavuta kipaza sauti, ingawa mtu mwenyewe alikuwa hatua moja tu mbele yake.

"Takataka. Dirishani."

"Naam," akaitika, akasogea kabla hajarudishwa mwisho wa foleni.