Gitaa la Mkono wa Kushoto

Kila siku ya shule Jenifer aliamka kabla ya jua, akafagia uwanja, akachota maji bombani, kisha akamsaidia baba yake kupakia kiroba cha mchele kwenye baiskeli. Kukinyanyua hakukumsumbua baba, kwa maana mabega yake yalikuwa mazima. Kazi ilikuwa kufunga. Mpira wa kufungia mzigo unataka kuvutwa na kushikiliwa kwa ncha za vidole, na mkono wa kushoto wa Joachim haukuwa na ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati. Mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga ulivikata mwaka uliopita.

"Kaza tena kidogo, Jeni."

"Umekazika, baba."

"Haya, nenda. Usichelewe namba shuleni."

Joachim akaelekea sokoni alikouza mchele, na Jenifer, binti wa miaka kumi na mitatu, akashika njia ya shule pamoja na watoto wengine wa Mlabani.

Kabla ya ajali ile Joachim alikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya kanisani kwao kwa miaka kumi na miwili. Mpiga gitaa hubana nyuzi kwa vidole vya mkono wa kushoto na kuzipiga kwa mkono wa kulia. Vidole vya kubania vilipokatika, Joachim alilikabidhi gitaa la kwaya kwa kijana mwingine, akahamia benchi la nyuma. Hakulalamika. Jenifer aliona tu kwamba nyimbo zikianza, baba yake alitazama sakafu mpaka ziishe.

Siku moja wakati wa mapumziko, Mboni aliyekaa naye dawati moja alimwambia, "Baba kanunua gitaa jana, la mtu wa bendi. Yaani ni kubwa! Njoo ulione."

Baba yake Mboni, Mtoro, alikuwa na duka karibu na soko. Alitengeneza redio, spika na feni, na akiletewa chombo cha muziki kilichochakaa alikinunua, akakifufua na kukiuza. Gitaa lilining'inia ukutani katikati ya feni mbili. Lilikuwa la umeme, rangi ya damu ya mzee iliyopauka, na kifuani lilikuwa na matundu mawili marefu yaliyopinda kama herufi ya f.

"Shikamoo, Baba Mboni."

"Marahaba, mwanangu. Mnalishangaa hilo? Ukiligonga pembeni utasikia ni tupu kama ngoma. Katikati ndimo mna gogo la mti mgumu, limepita toka shingoni hadi kwenye kitako. Ndiyo maana lina sauti tamu ya gitaa la kawaida, lakini halipigi mluzi ukiliunganisha na spika."

Jenifer hakuwa anatazama matundu. Magitaa ya umeme aliyowahi kuyaona yalikuwa na pembe mbili zisizolingana, moja ndefu na moja fupi. Hili lilikatwa sawasawa pande zote mbili za shingo. Aliomba kulishika, akalishika shingo ikielekea kulia.

"Umelishika kinyume, binti," Mtoro alisema.

"Najua, Baba Mboni. Mkono wa kulia wa baba yangu ni mzima."

Mtoro aliweka bisibisi mezani. Alimfahamu Joachim, na habari za mashine ya mpunga alizisikia. "Mlete baba yako," alisema.

Joachim mwenyewe hakuvutiwa haraka. "Nianze upya kama mtoto?" alimwuliza mke wake, Yunis, wakati wa chakula. "Mkono wa kulia haujui kubana hata uzi mmoja."

"Hata wa kushoto haukuzaliwa ukijua," Yunis alijibu. "Nyumba hii imekuwa kimya mwaka mzima. Yale magunia mawili ya mpunga uliyoyaweka ghalani kule Mchombe, kayauze."

Jumamosi Joachim alikwenda dukani. Alitazama shingo ya gitaa kwa jicho moja, kama seremala anayetazama kama mbao imenyooka. Aligonga tumbo, akazungusha kila kifungo, akaliunganisha na spika na kusikiliza uzi mmoja mmoja. Mazungumzo ya bei yalichukua muda, lakini wakaelewana.

Hapo kazi ya kuligeuza ikaanza. Jenifer alikwenda dukani kila alasiri baada ya shule, kwa ruhusa ya mama yake. Ndoano ya mkanda wa begani ilihamishiwa upande wa pili. Vifungo vya sauti vilikuwa sasa upande wa juu, mahali ambapo mkono wa Joachim ungevigusa na kuvizungusha bila kutaka, kwa hiyo Mtoro aliving'oa na kuweka vifupi alivyotoa kwenye redio mbovu. Nyaya zilizooza zilibadilishwa kupitia matundu ya f. Kabla ya kutoa waya wa zamani walifunga kwenye ncha yake uzi wa cherehani, ili uzi huo uje uuvute waya mpya mpaka mahali pake.

Kilichobaki kilikuwa kidaraja, kipande kidogo cha mfupa kilichokaa kwenye ncha ya juu ya shingo, chenye mifereji sita ya kulaza nyuzi. Gitaa likigeuzwa, uzi mnene unaangukia kwenye mfereji wa uzi mwembamba, hauingii. Mtoro alichonga kidaraja kipya kutoka kwenye mfupa wa ng'ombe. Halafu, alipoona Jenifer ana mkono mtulivu, akampa tupa ndogo, nyembamba kama sindano ya kushonea magunia.

"Piga mara tatu, weka uzi, tazama. Piga tena mara tatu, weka uzi, tazama. Mfereji ukizidi kina, kidaraja hicho ni cha kutupa."

Jenifer alichonga mitano kwa siku mbili, na yote ilikuwa mizuri. Adhana ya alasiri ilipoadhiniwa siku ya pili, Mtoro alitawadha, akavaa kofia yake kwenda msikitini. "Umebaki mmoja, wa uzi mnene. Uache mpaka nirudi."

Jenifer aliuacha kwa dakika kama tano. Baba yake alikuwa aje kulichukua gitaa jioni ile, na alitaka akute limekamilika. Akachukua tupa. Alipiga mara tatu, akaweka uzi, akatazama. Akapiga tena. Madereva wawili wa bajaji waligombana kona ya barabara, yeye na Mboni wakageuka kutazama, na mkono wa Jenifer ukaendelea kwenda na kurudi. Alipoweka uzi mnene, ulizama. Aliupiga kwa kidole gumba. Uligusa chuma cha kwanza cha shingo na kukwaruza kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo.

"Mwambie baba," Mboni alisema. "Hagombi."

"Atasema alinikataza."

"Si alikukataza kweli?"

Jenifer aligeukia meza. Alikuwa amewahi kumwona Mtoro akiziba ufa kwa unga wa mfupa uliochanganywa na gundi kali. Unga ulikuwa mezani, gundi rafuni. Alijaza mfereji, akasubiri ukauke, akachonga kidogo juu yake. Uzi ukalala vizuri.

"Usiseme," alimwambia Mboni.

"Mimi sisemi. Lakini hilo ni lako."

Mtoro aliporudi alikuta kidaraja tayari. Alikitazama kwa juu, akakibandika, akaweka nyuzi zote sita na kuzipiga. Zililia safi. "Nilikwambia usubiri," alisema, "lakini una mkono mzuri, binti." Jenifer alitazama miguu yake. Joachim alipofika na kulishika gitaa kwa mkono wa kulia shingoni, alicheka peke yake, jambo ambalo Jenifer alikuwa hajalisikia kwa siku nyingi.

Wiki ya kwanza Joachim alijifunza kama mtoto. Vidole vya mkono wa kulia vilivimba ncha, vikachubuka, kisha vikaanza kuwa vigumu. Nyuzi alizipiga kwa kidole gumba cha kushoto na kwa vile vipande viwili vya vidole vilivyobaki. Siku ya saba alipiga wimbo mzima, polepole, na Yunis akauimba kutoka jikoni.

Wiki ya pili gundi ilianza kumomonyoka. Uzi mnene ukaanza kukwaruza, mara moja moja, halafu kila ulipopigwa. Joachim alibadilisha namna ya kukaa. Alijaribu gumba peke yake, akajaribu kufunga kitambaa kwenye vile vidole. Ulikwaruza vilevile.

"Mrudishie fundi atazame," Yunis alimwambia.

"Nimwambie nini? Siku ile dukani lilikuwa zima, nililisikia mwenyewe. Ni vidole hivi. Vinaukandamiza uzi badala ya kuuvuta." Aliufungua mkono wa kushoto, akautazama, akaufunga. "Kuna mtu wa Mchombe, anaitwa Polikarpo, ana bendi. Ameniuliza kama naliuza. Nimemwambia aje Jumamosi."

Jenifer alikuwa mlangoni na sahani mikononi. Alizipeleka sahani jikoni, akaziosha, akaziosha tena.

Kesho yake, Alhamisi, Mboni alimwona hajala chochote wakati wa mapumziko. "Una nini?"

"Baba anauza gitaa. Gundi imetoka. Anadhani ni vidole vyake."

"Na wewe unamwacha adhani hivyo?"

Alisema hivyo tu, bila ukali. Jenifer alikaa na swali hilo hadi kengele ya mwisho. Nyumbani alimkuta baba yake barazani akilifuta gitaa kwa kitambaa, kama mtu anayeandaa kitu cha kuondoka. Alisimama mbele yake.

"Baba, si vidole vyako."

Joachim aliendelea kufuta. "Ahsante, mwanangu. Lakini..."

"Ni mfereji. Niliuchonga ukazidi. Baba Mboni alinikataza, mimi nikachonga, halafu nikaziba kwa gundi. Sikumwambia mtu."

Kitambaa kilisimama. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile ya kwanza."

Joachim alilegeza uzi mnene, akausogeza pembeni, akamulika kidaraja kwa tochi ya simu. Kwa ukucha alikwangua kipande cheupe, kidogo kama chenga ya mchele, kikadondoka sakafuni. Alikiokota, akakiweka kiganjani. Jenifer alingoja kugombezwa, lakini baba yake alisema kwa sauti ya chini, "Wiki nzima nimeutazama mkono huu kama mbwa aliyening'ata." Kisha akasimama. "Vaa viatu. Utamweleza fundi mwenyewe."

Mtoro alikuwa anafunga duka. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani na kuifuta kwa shati.

"Nimeudhika," alisema. "Kazi imetoka mlangoni kwangu ikiwa mbovu, na mteja wangu amekaa nayo akijilaumu. Lakini na mimi nina sehemu yangu, Baba Jeni. Ilinipasa kuupapasa ule mfereji. Niliutazama juujuu kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye sifa ya kumaliza mapema. Niwie radhi."

"Nisamehe, Baba Mboni," Jenifer alisema.

"Nimekusamehe. Kesho baada ya shule uje. Mfupa upo."

"Nitakuja kutazama."

"Kutazama nini? Utachonga. Katika duka hili nani mwingine anajua vizuri mfereji ukizidi unakuwaje?"

Ijumaa Jenifer alichonga mifereji yote sita tena, na kila mmoja Mtoro aliupapasa kwa ukucha kabla hajamruhusu kuanza mwingine. Uzi mnene ulipowekwa, Joachim aliupiga kwa vile vipande vya vidole. Ulilia mzito na safi, ukaendelea kulia mpaka ukaisha wenyewe. Akaupiga tena, na mara ya tatu.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Joachim akiwa amelibeba gitaa mgongoni.

"Baba, mbona hukunigombeza?"

"Nilitaka, ila maneno yalinikawia." Alitembea hatua kadhaa. "Sikiliza, Jeni. Kuharibu mfupa si kitu, kila mwenye kujifunza huharibu. Ungesema siku ile ile, fundi angechonga mwingine, tukasahau. Uliponyamaza, kosa lako halikubaki kwako. Lilikuja kwangu, nami nikalipokea nikidhani ni langu. Nimeukasirikia mwili wangu kwa jambo ambalo haukulifanya. Ukificha kosa, mwingine ndiye atakayeumia, na mara nyingi ni mtu wa karibu. Siku nyingine sema mapema, hata kama sauti inatetemeka."

"Nimesikia, baba."

"Basi yameisha."

Jumamosi asubuhi Polikarpo alifika kwa pikipiki kutoka Mchombe. Joachim alimpa kiti, chai na maandazi, akamwomba radhi kwa usumbufu, akampigia wimbo mmoja. Polikarpo alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Hata ningekuwa mimi nisingeliuza," alisema, akamalizia chai yake.

Alasiri ya siku hiyo Joachim alikwenda mazoezini, na mwalimu wa kwaya akamwekea kiti mbele. Walikuwa wanajiandaa kwa Jumapili ya mavuno. Katika ubeti wa pili wimbo uliyumba, na mwalimu akanyoosha mkono kuwasimamisha. Alimtazama mpiga kinanda, kisha akawageukia waimbaji wa sauti ya pili.

"Nani ameniangusha hapo?"

Kabla mtu hajajitetea, Joachim aliinua mkono wa kushoto juu, wenye vidole vitatu vizima na viwili vifupi, kanisa zima likauona.

"Ni mimi, mwalimu," alisema. "Nimechelewa kubana. Turudie."

Wakarudia.