Nusu ya Pili ya Ngoma

Siku ile dada yangu Émérence alikuwa akipiga pasi vitenge, mimi nachambua mchele, na redio ya jirani inaimba. Naanza hapo ili mjue kwamba jambo hili lilianza Jumanne ya kawaida kabisa, mwaka 1974, katika kambi ya wafanyakazi huku Panda, Likasi. Mimi Gertrude si mtu wa kutishika ovyo. Nimezaa watoto sita, nimemzika mume, nimegombana na wauza unga wa soko zima. Lakini hili sijawahi kulisimulia nikiwa peke yangu nyumbani, na hata sasa nimemwita binti wa jirani aje akae hapa na ushonaji wake.

Émérence alikuwa mjane. Mumewe Édouard, mfanyakazi wa kiwandani, alizama mtoni Lufira miaka miwili kabla, siku ya likizo, alipokwenda kuvua samaki. Mwili haukuonekana. Édouard aliwahi kuanguka na baiskeli akavunjika mguu wa kushoto, ukaunga vibaya, kwa hiyo tulimjua kabla hajafika mlangoni: hatua moja, kisha mburuzo. Ta, shhh. Ta, shhh. Dada yangu alikuwa akiusikia mwendo ule anaweka sahani mezani. Baada ya msiba akahamia kwangu, na kwa muda mrefu nilimwona akiinua kichwa kila mtu alipopita barabarani.

Kitu kimoja tu kilimtoa nyumbani, nacho ni ngoma. Miaka ile kila mtaa na kila ofisi ilikuwa na kundi lake la kucheza na kumsifu Kiongozi, na ukikosa mazoezi jina lako linaandikwa. Sisi tulikuwa kundi la Panda. Mkubwa wetu alikuwa mwalimu Dominique, mtu wa filimbi shingoni na saa kubwa mkononi. Kwenye karatasi za chama alikuwa na jina la mababu, kama sisi sote, lakini jikoni tuliendelea kumwita Dominique, kwa sauti ndogo, maana majina ya Kizungu yalikatazwa.

Jumanne hiyo akaingia bila kubisha hodi.

« Citoyennes, mashindano iko Jumapili, » akasema, akituita raia kama chama kilivyoagiza. « Makundi yote batacheza sawa sawa tu. Minye nataka kintu ya bankambo, kintu ya kweli. Banasema ule mama wa Buluo anajuaka moja. »

Mama huyo aliitwa Bibiane, shangazi yake marehemu Édouard, mkulima wa mihogo upande wa Buluo. Ngoma aliyoijua haikuwa ya jukwaani. Mtu akifia mbali na mwili usirudi, mchezaji mmoja anamleta nyumbani kwa miguu yake. Nusu ya kwanza anatembea mwendo wa marehemu, kutoka njiani hadi mlangoni, mpaka ndugu wamtambue na kumlilia. Nusu ya pili anarudi kinyumenyume, na mwanamke mwingine anamfagilia nyayo zake kwa tawi la majani mabichi, mpaka njiani tena. Hapo marehemu anaachwa aende zake. Édouard hakuwahi kuchezewa ngoma hiyo. Émérence ndiye aliyekataa, akisema hawezi kumpokea mtu mlangoni ili amfukuze.

Bibiane alimkatalia Dominique mara mbili. Mara ya tatu Dominique alikwenda na mtu wa chama, na mama wa watu akakubali. Alitufundisha siku tatu, uani kwangu, uso ameukunja.

« Kama ni ya kuchezacheza tu, usikamate mwendo wa muntu, » alimwambia Émérence. « Tembea ya bure, isiyo ya muntu yoyote. Na weye, Gertrude, njo uko na tawi. Akifika, ufagie. Usimuache amesimama pale. »

« Na kama anakatala kwenda? » nikauliza kwa utani.

« Ufagie tu. »

Jumapili uwanja ulijaa. Wakubwa walikaa kivulini, sisi juani. Kila kundi lilipewa dakika saba, na nyimbo za kumsifu Kiongozi zikala dakika tano nzima, maana Dominique hakuthubutu kupunguza hata ubeti mmoja. Kisha ngoma zikapoa, likabaki pigo moja la polepole. Émérence akaingia.

Hatua moja. Mburuzo.

Ta, shhh. Ta, shhh. Haikuwa kuigiza. Bega la kushoto lilishuka vilevile, mkono wa kulia ulitupwa nyuma vilevile. Vumbi jekundu lilibaki na mstari mrefu nyuma yake. Mzee mmoja aliyefanya kazi zamu moja na Édouard alisimama akavua kofia. Émérence akafika katikati, pale tulipochora mlango kwa chokaa, akasimama, akafumba macho. Akatabasamu.

Nikainua tawi. Nikapiga hatua ya kwanza.

Filimbi ikalia.

« Dakika saba, » Dominique alininong'oneza, meno yamebana. « Toka. Bakubwa banaangalia. »

Nikasimama. Nitasema ukweli, maana sina wa kumdanganya sasa: niliogopa. Niliogopa jina langu kuandikwa, niliogopa mume wangu kuulizwa kazini. Bibiane alikuwa pembeni ya ngoma, akinitazama, na midomo yake ilisema neno moja, ufagie. Nikashusha tawi, nikatoka. Wakubwa wakapiga makofi muda mrefu sana. Tukawa wa kwanza, tukapewa robota la kitambaa na nafasi ya kwenda kucheza Lubumbashi.

Jioni hiyo dada yangu aliimba akiosha vyombo. Nilikuwa sijamsikia akiimba nyumbani miaka miwili. Nikamwambia ajipumzishe, akakausha mikono, akavuka sebule kwenda chumbani. Ta, shhh.

« Yaya, acha mchezo, » nikamwambia, kwa jina tunalomwitia dada mkubwa.

« Mchezo gani? »

Alikuwa haelewi. Nilitazama sakafu yangu ya saruji, niliyoipaka nta nyekundu asubuhi. Palikuwa na nyayo za maji. Mguu wa kushoto tu. Na zilikuwa kubwa kuliko mguu wa dada yangu.

Kesho yake, saa nane mchana, king'ora cha kiwanda kililia cha kubadilisha zamu. Émérence alikuwa anamenya vitunguu. Akaweka kisu chini, akasimama, akatembea hadi mlangoni, akabaki hapo akiangalia nje. Jumanne, king'ora kilipolia, alifika kwenye bomba la maji la mtaa. Jumatano alifika barabara ya lami. Alhamisi hatukumwona mpaka dereva mmoja wa taksi-basi alipomrudisha jua likizama, miguu imechubuka, kitenge kimelowa hadi magotini. Alisema amemkuta mbali, nje ya mji, kwenye njia ya Lufira, na kwamba alipomwita hakugeuka.

Nilimwosha miguu. Ilikuwa baridi, na ilinuka tope.

« Haiko minye natembea, » akaninong'oneza. « Najaribu kusimama. Miguu inakatala. »

« Unaogopa, Yaya? »

Akavuta kitenge juu ya miguu.

« Alikuya mpaka ku mulango, Gertrude. Alikosa mwenye kumusindikiza. Sasa anajua njia moja tu. »

Ijumaa tulimfunga kwenye kitanda kwa vitenge, mimi na mume wangu, mafundo matatu. King'ora kililia nikiwa nimekaa naye. Sikuondoa macho. Hakuna aliyegusa fundo lolote. Fundo la kwanza likafunguka. La pili likafunguka. Nilimlalia dada yangu miguuni kwa uzito wangu wote, nikaisikia ile miguu inasukuma chini yangu, polepole, bila hasira, na yeye mwenyewe analia. Ilichukua saa nzima kutulia. Mume wangu akasema kwamba siku moja tutachelewa, na siku hiyo Émérence ataingia mtoni.

Nilikwenda kwa Dominique. Nilimkuta anaandika ratiba ya Lubumbashi.

« Tuachie tumalize ile ngoma, » nikamwomba. « Iko nusu. »

« Ile nusu njo ilitupatia ya kwanza, » akasema, bila kuinua uso. « Na haya ya miguu, citoyenne, usiseme mbele ya batu. Utatuharibia. »

Mtu aliyetaka kitu cha kweli cha mababu, sasa kimekuwa cha kweli anakiogopa. Nilitoka bila kumuaga. Jumamosi alfajiri nikapanda baiskeli ya mume wangu hadi Buluo.

Bibiane hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Alikuwa ameshafunga mzigo wake, ananisubiri.

« Ngoma inafungwa pale ilifunguliwa, » akasema. « Na ule mwenye alikuwa na tawi, njo anafagia. Haiko mwingine. Utafagia bila kusimama mpaka ku mulango ya stade. Hata akikuomba. »

« Ataniomba? »

« Ule wa kwanza hapana. Ule wa pili, ndiyo. »

Sikumwelewa. Jumapili tuliingia uwanjani, mlinzi akidhani tumekuja kufanya mazoezi. Palikuwa patupu, jua kali, makaratasi ya sherehe bado yanapeperuka. Mstari wa mguu wa kushoto ulikuwa bado vumbini, baada ya wiki nzima, na mvua ilikuwa imenyesha mara mbili. Bibiane akaketi na ngoma ndogo mapajani. Émérence akasimama kwenye mlango wa chokaa. Tukangoja.

King'ora kikalia.

Bibiane akapiga pigo la kwanza, na dada yangu akaanza kurudi kinyumenyume. Nikafagia. Ta, shhh. Kila nilipopitisha tawi, alama moja ilipotea, na uso wa dada yangu ukazidi kuwa wake. Bega likapanda. Mkono ukatulia. Lakini ule mburuzo haukuisha. Nilikuwa nausikia mbele yangu, kati ya tawi na dada yangu, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Majani yakawa mazito. Yalikuwa yanadondosha maji.

Nikafagia. Sikuangalia juu. Zikabaki hatua kumi kufika mlango wa uwanja. Tano. Tatu.

« Gertrude. »

Ilikuwa sauti ya dada yangu mwenyewe, ndogo, ya mtu aliyeamka.

« Muache kidogo. Kidogo tu. Sikumuaga. »

Nikainua macho. Émérence alikuwa ananyoosha mkono, na vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama vya mtu aliyeshikwa. Alikuwa mkubwa wangu. Alinilea mama alipokufa, alinibeba mgongoni kwenda shule. Mara ya kwanza nilisimama kwa kuogopa wakubwa. Mara hii nilisimama kwa kumhurumia. Pumzi moja tu, haikuzidi.

Kitu cha baridi kikapita juu ya mguu wangu.

Nikashtuka, nikafagia kwa nguvu zangu zote, hatua tatu zile, hadi nje ya mlango. Bibiane akanyamazisha ngoma.

« Alipita? » akauliza.

Émérence alitembea hadi kwangu, akanikumbatia, na hatua zake zilikuwa sawa, nyepesi, za mchezaji. Nililia kwa furaha. Jumatatu king'ora kililia, akaendelea kumenya vitunguu. Lubumbashi hatukwenda; dada yangu alimwambia Dominique hatacheza tena, aandike jina lake anapotaka.

Tulikaa pamoja miaka kumi na minne. Alizeeka vizuri, mtulivu, hana neno na mtu. Alikuwa na kamchezo kamoja tu. Kila mchana alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha na kunituma.

« Gertrude, niletee mayi. »

Nilimletea. Alishika kikombe cha maji, hakunywa.

« Sasa niletee chumvi. »

Nilinung'unika, nilimwita mvivu, lakini nilikwenda na kurudi. Alikuwa anafumba macho wakati natembea. Nilidhani ni uchovu wa uzee. Malaria ilipomchukua, mwaka 1988, siku ya mwisho aliniomba nivuke chumba kutoka dirishani hadi mlangoni, mara mbili. Nikavuka. Akatabasamu lile tabasamu la uwanjani, na nikaambiwa na wanawake waliokuwepo kwamba alikufa kabla sijageuka.

Baada ya msiba nilianza kulala kidogo mchana, king'ora kikishalia, jambo ambalo sikuwa nalo. Niliamka nimechoka zaidi kuliko nilivyolala, na magoti yananiuma. Nikasema ni huzuni.

Mwezi uliofuata nilipeleka viatu vyangu kwa Barthélemy, fundi viatu wa sokoni. Ni vile vyeusi vya ngozi nilivyonunua kwa ajili ya mazishi. Akageuza cha kulia, akakiweka. Akageuza cha kushoto, akakiangalia muda mrefu.

« Mama, ulivunjikaka mguu lini? »

« Sijavunjika mguu hata siku moja. »

« Ona. » Akanionyesha. Soli ya kulia ilikuwa mpya. Ya kushoto ilikuwa imelika upande wa vidole mpaka ngozi inaonekana. « Huu ni mguu wa kukokotwa. Minye nakusikia toka kule ku mwisho ya soko, mama. Miaka yote nakusikiaka. Bote tunakusikiaka. Hatukupenda kukuuliza. »

Nikataka kumwambia kwamba natembea sawa, amuulize yeyote. Nikamkumbuka dada yangu na kikombe chake cha maji asichokunywa, macho yamefumba.

Barthélemy akageuza kiatu juu chini na kukigonga kwenye jiwe lake kabla ya kuanza kazi, kama afanyavyo kwa viatu vyote. Kikamwaga mchanga. Mwingi, mweupe, wa mtoni, bado una maji. Akanitazama, nami nikautazama ule mchanga unavyolowesha vumbi la soko.

Mimi sijawahi kufika Lufira.