Msichana Aliyetembea Nyuma Yao

Nyumba ya fundi cherehani ilikuwa na chumba cha kulala na chumba cha kazi, basi. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, binti yake wa mwisho alimtungia uzi kwenye sindano. Nyumbani mama huyo alimwita Kitinda. Macho ya mama yalishaanza kuchoka, lakini Kitinda alipitisha uzi mara moja tu, bila hata kulamba ncha. "Mwanangu ana macho makali," mama aliwatambia wateja. Na nani angembishia?

Walikuwa wamehamia mtaa ule karibuni. Shule ya sekondari ilikuwa kilimani, na huko ukungu ulishuka jioni bila kupiga hodi.

Sasa, darasa alilopangiwa Kitinda lilikuwa na mtindo wake. Mgeni hakuulizwa jina. Alitazamwa kutwa nzima, kisha kiranja, msichana mwenye maneno mengi, akampa jina. Likishatoka, limetoka. Mmoja aliitwa Bonge. Mwingine aliitwa Profesa kwa sababu ya paji kubwa la uso, ingawa hesabu zilimpiga chenga kila siku. Kitinda aliitwa Mzuka.

Sababu walikuwa nazo, au walidhani wanazo. Alikuwa mrefu na mwembamba, na sweta yake ilifunika vidole. Ukimpungia mkono, kimya. Ukikutana naye mlangoni, anakukunjia macho na kukusogelea mpaka unasikia pumzi yake usoni.

La kuogofya zaidi lilikuwa lile la jioni. Wasichana wa mtaa mmoja walirudi nyumbani pamoja. Nyuma yao, hatua chache, alikuwepo yeye. Wakisimama, anasimama. Wakikaza mwendo, naye anakaza. Viatu vyake vya raba havikutoa sauti. Mmoja wao aliapa kwamba siku moja ya ukungu alitembea akipiga soga na rafiki yake njia nzima, kumbe rafiki yuko mbele, na aliye ubavuni ni Mzuka. Nywele ziliwasimama.

Mama alipomuuliza Kitinda kama amepata marafiki, alijibu kwamba wapo. Kweli walikuwepo, hatua chache mbele yake.

Siku moja ukungu ulishuka mapema. Kiranja aliwanong'oneza wenzake mpango, wakaziba vinywa kuzuia kicheko. Walipofika njia panda wakavua viatu na kutimua mbio kimya kimya. Nyuma yao sauti ndogo iliuliza, "Mko wapi?" Hakuna aliyejibu. Kiranja alifika kwao akihema na kucheka, lakini kicheko hakikukaa. Alikoga, akabadili nguo, na bado alikuwa anaisikia sauti ile.

Kabla giza halijaingia, mlango uligongwa. Alikuwa fundi cherehani, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alikuja na mwalimu wa ushauri nasaha. Kitinda hajafika nyumbani, walisema, na shuleni hayupo. Mwalimu alimtaka kiranja, mmoja wa waliomwona mwisho, aeleze msichana huyo yukoje, ili majirani wajue wanamtafuta nani.

"Anaringa," alisema kiranja. "Halafu anatisha. Ana macho ya mzuka."

Mama alimkodolea macho, haelewi ni mtoto wa nani anayezungumzwa.

"Hayo ni mawazo yako," alisema mwalimu. "Siwezi kumtafuta mtu kwa hayo. Nieleze macho yako yaliona nini. Kisha nieleze huwa anafanya nini. Usiniambie kwa nini."

Kiranja akaanza upya. Sweta ya kijani. Nywele fupi. Mrefu kumpita yeye. Hanakili kitu cha ubaoni mpaka mtu akisome kwa sauti. Hushuka ngazi akipapasa ukuta. Hukunja macho. Huwafuata njiani. Hapo na yeye akayasikia aliyoyasema.

"Mtoto huyu haoni mbali," alisema mwalimu.

"Haoni?" mama alikataa. "Si ndiye anayenitungia uzi?"

Mwalimu alimweleza huku wakitoka haraka. Yapo macho yanayoona vizuri kitu cha karibu, kama sindano au kitabu. Kikienda mbali kidogo, yanaona ukungu hata jua likiwaka. Mtu wa namna hiyo hakupungii mkono kwa sababu wa kwako hajauona. Na Kitinda hakuwafuata wenzake kwa ubaya. Alifuata rangi ya sweta zao ili afike nyumbani.

Pale njia panda, njia ya kushoto ilielekea kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Shimo lake lilikuwa refu, lenye maji, wala halikuwa na uzio. Waliishika njia hiyo polepole.

"Mzuka!" aliita, kwa mazoea.

Kokoto ziliporomoka mahali fulani. Baada ya muda, maji yakalia huko chini. 

"Usimwite hivyo," mwalimu alimwambia. "Anakukimbia."

Mama akaita, "Kitinda! Ni mimi."

"Mama, msisogee." Sauti ilikuwa karibu kuliko walivyodhani. "Nimenyoosha mguu, haukugusa kitu. Nyuma nako sijui kukoje."

Mama akaketi chini. Mwalimu alimwagiza kiranja aseme mfululizo, asisogee, ili Kitinda aifuate sauti. Kiranja aliuliza aseme nini. Chochote cha kweli, alijibiwa.

"Tulikukimbia," alisema kiranja. "Mimi ndiye niliyepanga. Niko hapa, sikimbii tena. Njoo. Niko hapa."

Hawakuona kitu. Hawakusikia hatua. Kisha mkono wa baridi ukatoka kwenye ukungu na kuupapasa uso wa kiranja. Hakurudi nyuma.

Wiki hiyo hiyo mama alimpeleka Kitinda hospitali. Macho yalipimwa, miwani ikapatikana. Mwalimu naye aliingia darasani na kuuvunja mtindo ule wa majina. Aliwaambia: sema unachokiona, sema mtu anachokifanya, na usichokijua muulize mwenyewe. Profesa alifurahi kuliko wote, kwa sababu sasa aliruhusiwa kukosea hesabu kwa amani.

Kitinda alipoingia na miwani yake, alisoma ubao wote kwa sauti, hata tarehe. Kisha akaenda kusimama mbele ya kiranja.

"Kumbe ndiwe wewe," alisema. "Siku zote nilikuwa naona doa tu mahali pa uso wako, na doa hilo linacheka. Nilikuogopa sana."

Kiranja akamuuliza, "Na sasa unanionaje?"

Kitinda alimtazama taratibu, bila kukunja macho.

"Una chunusi kidevuni," alisema. "Mengine bado siyajui."