Bibi Hakupigana na Fisi

Kila asubuhi kabla ya shule nilipitia kwa bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa dobi. Kibanda chake kilitazamana na geti la shule yetu. Kazi yangu ilikuwa kukunja mashati aliyokwisha kuyapiga pasi na kuyapanga rafuni, vifungo juu. Pasi yenyewe, ile nzito ya mkaa, sikuruhusiwa kuigusa. "Hiyo ni ya watu wazima," alisema bibi, nami nikabetua midomo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, wa kwanza darasani, na nilijiona nimeimaliza dunia. Bibi aliishia darasa la pili. Angenifundisha nini huyu, kunyoosha kola?

Leo nikikumbuka najidharau. Wakati ule nilimdharau yeye.

Siku moja mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa kazi. Kila mmoja amuulize mzee wa nyumbani jinsi watu wa kwao walivyomtoa utotoni na kumfanya mtu mzima, kisha aandike insha. Insha bora ingebandikwa kwenye ubao wa getini. Niliutaka ubao ule kuliko kitu chochote. Kumuuliza bibi sikutaka. Nipoteze jioni nzima nikisikiliza habari za watu walioogopa radi, halafu zisiwe hata na utamu? Nikakaa mezani, nikatunga.

Niliandika kwamba bibi alifungiwa pangoni siku arobaini na kuamshwa kwa viboko. Siku ya mwisho alipigana na fisi kwa mikono mitupu, akanywa damu yake, na wazee wakamwambia sasa amekuwa mwanamke. Mwishoni nikaongeza kwamba watu wale hawakujua kufikiri, kwa hiyo tuwasamehe. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu, nikijipenda kila mara.

"Haya umeyasikia kwa bibi yako mwenyewe?" mwalimu aliniuliza.

"Ndiyo, mwalimu," nikajibu bila kupepesa macho. Insha ikabandikwa.

Hazikupita siku mbili. Wanafunzi waliotoka getini walisimama mbele ya kibanda na kulia kama fisi. "Shikamoo, Bibi Fisi," walisema, na bibi, asiyejua lolote, akaitikia marahaba. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha mteja mmoja aliyeleta mashuka akamuuliza kama ni kweli aliwahi kunywa damu. Tangu hapo bibi akaacha kuitikia salamu za watoto. Aliteremsha pazia upande wa shule, akawa anapiga pasi kwenye joto lile bila upepo.

Nilimkuta hivyo, jasho likimtiririka.

"Wale hawana adabu, bibi," nikasema. "Usiwajali."

"Habari za fisi wamezitoa wapi?"

"Sijui."

"Naambiwa zimeandikwa pale getini. Macho yangu hayawezi maandishi madogo. Kalete unisomee."

Nikaenda kuibandua, nikaileta. Nilisoma pango, nikasoma viboko, na nilipofika kwa fisi nikamruka. Bibi hakuinua kichwa.

"Fisi yuko wapi? Shule nzima imemwona, nimebaki mimi tu."

Nikamsoma fisi. Nikaisoma na ile sentensi ya kuwasamehe, na safari hii ilinikaa mdomoni kama sabuni.

Bibi aliiweka pasi juu ya tofali. "Pango," alisema taratibu. "Kwetu kulikuwa tambarare tupu, hata kichuguu cha kujificha mvua hakuna. Na fisi gani huyo mpumbavu, asimame akingoja kunyongwa na msichana? Ungeniuliza, ningekupa uongo mzuri kuliko huu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. "Ilikuwaje, bibi?" nikauliza. Nilikuwa nimechelewa wiki nzima.

"Tulikaa ndani siku saba na akina shangazi. Walitufundisha habari za mwili, usafi, kulea, na kutunza siri za watu. Siku ya saba unakaa mbele yao, unataja kosa moja ulilolificha. Basi. Kwetu waliamini waliokufa wamekaa palepale wanasikiliza, na kwamba mwenye uongo tumboni hana pa kuliweka jina jipya. Ukisema huna kosa, unarudishwa ukacheze na watoto."

"Kuna aliyerudishwa?"

"Mimi. Nilivunja mtungi wa shangazi, nikamsingizia mbuzi. Nikaapa kwamba sina kosa, na shangazi alikuwa ameniona kwa macho yake. Wenzangu walitoka na majina ya utu uzima, mimi nikarudi kuchezea vumbi mwaka mzima, na urefu wangu huu. Mwaka uliofuata niliutaja mtungi kabla hawajaniuliza."

Nikafungua mdomo niombe radhi. Akanizuia kwa mkono.

"Si hapa nyuma ya pazia. Hukunitukania hapa."

Kesho yake nilimfuata mwalimu kabla ya kengele, nikamrudishia karatasi, nikamwambia kila kitu, nikaomba kusimama mstarini. "Sikumuuliza bibi yangu," nikasema mbele ya shule nzima. "Fisi nilimtunga mimi. Nilidanganya kwa sababu nilimdharau, na kwa sababu niliutaka ubao." Walicheka, na jina la Fisi likahamia kwangu hadi nilipomaliza shule. Nilistahili. Kisha nikawaeleza siku saba na lile kosa la kutaja. Hapo kicheko kilikatika. Nadhani kila mmoja alikuwa akikumbuka mtungi wake.

Mwalimu aliichana ile karatasi. "Mmemdhihaki mama wa watu kwa ajili ya takataka hii," alisema. "Na mimi niliibandika, nikashindwa hata kuvuka barabara kumuuliza. Mkitaka kujua watu waliishi vipi, waulizeni, halafu andikeni mlichoambiwa. Anayewatungia wengine ujinga anatuonyesha wa kwake."

Tulipotoka shuleni pazia lilikuwa limepandishwa. Wanafunzi walipita wakisema shikamoo kwa sauti ndogo, na bibi akaitikia marahaba, mmoja mmoja. Nikaingia, nikaanza kukunja mashati kama kawaida.

"Hayo yaache," alisema bibi, akanisogezea pasi. "Shika hii, anza na kola. Ukiliunguza shati la mtu, utamwambia wewe mwenyewe."