Orodha ya Agosti Sitini na Saba

Stendi ya malori ya Tunduma ilikuwa imefurika vumbi na honi Jumamosi ile, mwaka sabini na nne, Mwanakombo alipopata mteja asiyetaka karanga.

"Dada, nataka hiyo karatasi tu."

Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe la pasi, suruali ya bugaluu inayofagia chini. Mwanakombo alikwisha kuisokota karatasi, tayari kutia karanga.

"Kaka, hapa tunauza karanga. Karatasi bure."

"Basi nipe karanga, ila zitie kwenye nyingine. Hiyo usiikunje tena, nakuomba."

Aliipokea kwa mikono miwili, akaikunjua juu ya goti. Ilikuwa orodha ya nyimbo ishirini zilizopendwa juma moja la Agosti 1967, iliyochapishwa na redio ya ng'ambo ya mpaka. Akajitambulisha: Lusubilo, mzaliwa wa Isansa, karani wa ushirika wa kahawa huko Vwawa. Sandukuni alikuwa nazo orodha sitini na moja.

"Na santuri zake?"

"Hata moja sina."

Mwanakombo alicheka hadi khanga ikamteleza begani. "Makubwa! Unatunza sufuria, ubwabwa huna!"

"Mwaka sitini na saba nililazwa hospitali miezi mitano," alisema Lusubilo taratibu. "Redio ya wodini ndiyo iliyonishika mkono. Nyimbo nilizisikia, majina yakanipita. Sasa nayatafuta."

Kicheko kikamkauka Mwanakombo. Tangu siku hiyo, madereva walipomletea matita ya karatasi kuukuu kutoka Ndola, Zambia, aliyachambua kabla ya kufunga karanga. Kila Jumamosi Lusubilo alikuja. Yeye akisoma majina, Mwanakombo akiimba zile azijuazo.

"Unakosea, mpenzi, sauti inapanda hapo."

"Panda wewe, mwenye masikio ya sungura!"

Jumamosi moja Mwanakombo alilifungua daftari la Lusubilo, akaona hesabu ya orodha na zilikotoka: *Boazi, dereva, 3. Duka la Nakonde, 5. Mwanakombo, karanga, 14.*

"Kumbe mimi ni ghala lako!" Macho yalimjaa machozi. "Nimo kati ya dereva na duka!"

Lusubilo alinyoosha mkono, Mwanakombo akamrudishia daftari.

"Nenda kwa Boazi, atakuletea nyingi zaidi."

Lusubilo akaenda zake. Jumamosi tatu zikapita. Mwanakombo aliunguza karanga, akakosea chenji, akawa anainuka kila basi la Vwawa lilipopiga honi. Ya nne hakuingojea. Ijumaa alivaa gauni la bluu, akaenda posta kuupigia simu ushirika.

"Lusubilo, ni mimi. Mbona kimya?"

"Uliniambia niende."

"Nawe ukatii! Mwanamume gani wewe?"

Waya ukakoroma. "Ni kweli, mwanzo nilifuata karatasi, Mwana. Lakini nimemweleza baba kwamba nataka kukuoa. Ni mzee wa kanisa. Tangu siku hiyo hanisemeshi, na mimi nisingeweza kuja mikono mitupu, bila idhini yake."

Mwanakombo aliegemea ukuta. "Ungeniambia! Tungehangaika wawili."

Alifika nyumbani, akamkuta baba yake, Makame, msafirishaji aliyehamia kutoka Tanga, akivua viatu. Akamwambia yote amesimama.

"Mkristo?"

"Ndiyo, baba. Tutafunga ndoa bomani, kila mtu abaki na dini yake. Nampenda."

Makame aliweka kiatu chini. "Aje Jumapili mchana, aingie mlango wa mbele. Na baba yake aje. Sitamtoa mwanangu kwa watu wasiomtaka."

Kesho yake Mwanakombo alirudi posta, akampa Lusubilo ujumbe huo kwa simu. Jumapili hakukaa kitako. Alifagia ua mara mbili, akabadili khanga, akatoka, akarudi. Saa saba basi likasimama ng'ambo ya barabara. Lusubilo akashuka peke yake. Moyo ukamwanguka Mwanakombo. Kisha Lusubilo akageuka, akanyoosha mkono mlangoni, na mzee aliyevaa koti jeusi la kanisani akashuka polepole, uso umekunjamana, hana hata chembe ya tabasamu. Lakini alishuka.

Makame, aliyekuwa akichungulia dirishani, alifunga vifungo vya kanzu yake, akatoka kwenda kumpokea.